Usigeuke, Waridi

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa macho yangu mawili, hata hili la kushoto lenye ukungu, kwamba sikuongeza neno wala kupunguza. Na kwa kuwa nawajua watu wa mtaa wetu wa Buyenzi kwa ubishi, naweka dhamana kabisa: atakayenikamata na uongo mmoja tu katika kisa hiki, namlisha mukeke wa kukaanga, samaki mzima na kichwa chake, ndizi pembeni na pilipili ya kumtoa machozi. Haya, tulieni.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Vikwazo walivyotuwekea majirani vimeondoka, meli ya abiria kutoka Kigoma imeanza tena kutia nanga Bujumbura. Milimani bado kulikuwa kunanguruma bunduki, na watu wa Kanyosha bado waliingia mjini jioni na mikeka yao kichwani, wakarudi asubuhi kuangalia kama nyumba zao zipo. Lakini siku meli inapofika, mji wote ulivaa sura ya sikukuu. Hata wasiotarajia mgeni walikwenda bandarini kutazama wageni wa wenzao.

Waridi binti Tajudini alisimama nje ya geti la bandari, amejitanda ushungi wa rangi ya zambarau, anajifanya anatafuta mtu mwingine. Moyo ulikuwa unampiga mpaka akaogopa sentinela wa getini atausikia. Alikuwa fundi wa cherehani. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda sokoni kununua vifungo vya gauni la bi harusi mmoja wa barabara ya nane. Vifungo! Baba yake hata hakuinua kichwa kutoka kwenye injini ya Peugeot aliyokuwa anaifumua. "Usichelewe," alisema tu.

Basi Ilyasi akatoka.

Alikuwa na ovaroli ya bluu ya mafundi wa meli na begi begani. Miaka yote ile ya vikwazo walikuwa hawajaonana, wanatumiana salamu kwa midomo ya wafanyabiashara wanawake waliokuwa wanajua njia zao. Waridi alikuwa amejiandaa kumkuta amebadilika. Alikuta mabega yamepanuka, ndevu zimeota, lakini macho ni yale yale, macho ya mtu anayesikiliza injini. Yakamwangukia. Yakatulia juu yake kama mtu aliyefika nyumbani akaweka mzigo chini.

Mara moja tu. Halafu Waridi akageuka, akaanza kutembea kuelekea mjini.

Asiyekulia Buyenzi anaweza kudhani amemkimbia. Lakini huko kwetu wakati ule, msichana ambaye hajaolewa hatembei ubavuni mwa mwanaume. Akiwa na neno la kumwambia, yeye anatangulia, mwanaume anafuata kwa mbali kidogo, kama mtu ambaye njia yake imetokea kuwa ile ile. Maneno yanarushwa mbele na nyuma, na shingo haigeuki. Wasichana wetu walijua kusimulia maisha yao yote bila kuonyesha shavu.

"Umekonda," sauti ilisema nyuma yake.

"Usinitazame."

"Sasa nitazame wapi? We uko mbele yangu."

"Tazama majengo. Mugeni anatazama majengo." Waridi akanyoosha mkono upande wa kushoto, kwa ajili ya macho ya watu. "Lile ni ghala la kahawa."

"Mi nalijua lile ghala toka niko mutoto."

"Basi shangaa kidogo, watu wanatuona."

"Eeeh!" Ilyasi akashangaa, kwa sauti kubwa kuliko ghala lilivyostahili.

Waridi akauma ncha ya ushungi ili asicheke. Nyuma yake harufu ilikuwa inamfikia, grisi na mafuta ya injini, ile harufu inayoingia chini ya kucha na haitoki hata kwa sabuni ya unga. Hakuhitaji kugeuka. Alijua yuko pale kwa pua, kama mtu anavyojua mkate uko jikoni.

Sasa, katika meli ile walikuwemo wazungu wawili wazee, bwana na bibi, sijui nani aliyewadanganya kwamba wakati ule ulikuwa wa kutalii. Walitoka getini, wakaangaza huku na huku, wakaona msichana nadhifu anatembea mbele, ananyoosha mkono kwenye majengo, anaeleza, na kijana nyuma yake anashangaa. Wakatazamana. Bibi akaikaza kofia yake ya majani, wakaingia kwenye msafara. Walipofika kwenye kona ya kiwanda cha bia, wafuasi walikuwa wamefika kumi na wanne, pamoja na padri mmoja. Waridi hakujua. Angejuaje, na shingo haigeuki?

"Waridi."

"Hapo zamani palikuwa na ofisi za Wabelgiji."

"Waridi, acha Wabelgiji. Meli inaondoka baada ya adhuhuri. Mjomba wangu yuko hapa mujini, yuko tayari. Nikisema neno moja anakwenda leo kwa Baba yako kuposa. Mi nataka kujua kwanza. Baba akikuuliza, utasema nini?"

Waridi alitembea. Mti mmoja, wa pili. Swali hilo alikuwa amelijibu kitandani kwake mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa tamu na jepesi. Sasa limemjia mchana kweupe na limekuwa zito kama cherehani ya chuma.

"Baba amesema hatoi binti kwa mutu ambaye kitanda chake kinaelea juu ya maji."

"Sikuuliza Baba. Nimeuliza we."

"Na Atumani wa vipuri amekuja kuposa mara mbili."

"Atumani yule wa jenereta?"

"Yule yule. Ana nyumba ya matofali, hata ya kupangisha."

"Na tumbo la kupangisha pia."

"Ilyasi!"

"Bon, nimenyamaza. Lakini sema. Unamtaka?"

"Apana."

"Unanitaka mi?"

Walikuwa wamekaribia Musée Vivant, pale wanapofugwa mamba na nyoka. Waridi akanyoosha mkono. "Humo ndani kuna mamba," alisema, na sauti ikamvunjikia kwenye mamba.

"Nimeuliza kitu, we unanionyesha mamba?"

"Sijui! Unasikia? Mi sijui. Ngoja nifikiri, usiniulize mpaka tufike sokoni. Na usigeuke, na mi sigeuki."

Akakaza mwendo, akakunja kona.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wabishi hulikataa, lakini nimeshaapa. Kiboko akatoka kwenye matete ya upande wa ziwa. Dume zima, limechelewa kurudi majini kutoka kula majani. Likapanda barabarani, likasimama katikati, Waridi ameshapita kona, Ilyasi na msafara wake wako huku. Askari wa barriere, kizuizi cha barabarani, akainua mkono. "Simameni! Mutu asipige kelele, mutu asikimbie!" Kila aliyezaliwa kando ya ziwa lile anajua kwamba kiboko hapigiwi kelele. Watu wakawa kama picha ukutani. Ilyasi akajaribu kunyata pembeni, askari akamkamata kola.

"Afande, niache, nina haraka," Ilyasi alinong'ona.

"Hata yeye ana haraka. Na ndiye pekee hapa mujini ambaye siwezi kumuomba kitambulisho cha karangamuntu. Subiri."

Kiboko hakuwa na haraka hata kidogo. Akatazama padri. Akatazama wazungu. Akaanza kula ua wa mimea wa nyumba ya mtu.

Wakati huohuo, kwenye njia ndogo inayotokea upande wa maghala, alikuwa anakuja mzee mmoja mfupi, kofia ya kufuma kichwani, mfuko wa bering mpya mkononi, bering za kwanza kushuka Bujumbura tangu vikwazo. Alikuwa ameziacha injini zake na kuja kuchukua bering hizo mwenyewe, hakumwamini mtu. Akaingia barabarani, na mbele yake akamwona msichana wa ushungi wa zambarau anatembea peke yake, ananyoosha mkono, anasema na hewa. Mzee Tajudini akapunguza mwendo. Akafuata.

Grisi ni grisi. Tena Ilyasi ufundi wote alijifunza katika gereji ya mzee huyo, kwa grisi ya kopo lile lile, kabla ya kuvuka ziwa mwaka ule mbaya bila hata kuaga. Upepo ukampelekea Waridi harufu aliyoizoea, na moyo wake ukatulia. Amenifikia, alijisemea.

"Usinijibu," alianza. "Nisikilize tu. Ukinijibu nitapoteza."

Hatua zikamfuata.

"Umeniuliza kama nakutaka. Toka ulipoondoka, mi sijashona gauni la bi harusi hata moja bila kujipima kwanza. Mashangazi wananicheka, wanasema nitayapanua. Nakutaka mpaka naona haya. Umesikia? Basi, hilo limetoka."

Hatua za nyuma zilijikwaa, zikaendelea.

"Lakini kuna kitu hukijui. Mama alipokufa ulikuwepo. Kaka zangu walivyoondoka, mumoja huku mumoja kule, hukuwepo. Sasa kila jioni, saa ya couvre-feu ikifika, mutu asitoke nje tena, Baba anasimama mulangoni, ananiita. 'Waridi!' Hata kama niko mbele yake, naosha sahani, ananiona. Ananiita kwa nguvu kama mutu aliyeko mutaa wa pili. Mi naitika, 'Labeka, Baba.' Ndipo anafunga komeo. Bila hivyo hafungi. Siku moja nilikuwa na homa, sauti haikutoka, akakaa na komeo mukononi mpaka nikagonga ukuta."

Alipangusa uso kwa ncha ya ushungi. Wapita njia walidhani ni vumbi.

"Sasa niambie, nikiwa Kigoma, nani ataitika? Na hajui kupika hata chai, Ilyasi! Anachemsha maji yanakauka. Nikienda, naona nimemuacha mulango wazi. Nikibaki, nitaolewa na Atumani, nitakuwa natazama ziwa kila siku kama kichaa. Kichwa changu kimejaa maji. Nikisema ndiyo naona ni uongo, nikisema apana naona ni uongo. We umesomea injini. Nifanye nini? Haya, jibu sasa, nimemaliza."

Walikuwa wamefika mbele ya duka moja la vitambaa la katikati ya mji, lenye kioo kikubwa, na ndani ya kioo vifungo vimepangwa kwa rangi. Nyuma yake mtu alikohoa. Kikohozi kile Waridi alikijua tangu hajajua kutembea. Macho yakamwinukia kwenye kioo. Akaona ushungi wake, na juu ya bega lake, kofia ya kufuma.

Akauvuta ushungi mpaka kwenye nyusi.

"Endelea," alisema Mzee Tajudini. "Ulikuwa umefika kwa komeo."

"Baba..."

"Na chai. Hiyo ya chai nayo nimeisikia."

Waridi alitaka lami ipasuke immeze. Alitaka kulia, alitaka kucheka, alitaka kukimbia, na hakujua lipi litangulie. Kabla hajachagua, Ilyasi akatokea mbio, kola imeraruka, jasho tele, na nyuma yake bwana na bibi wa kizungu, padri, na watu wengine ambao Waridi hakuwahi kuwaona maishani. Wote wakasimama, wakamtazama yeye, wanangoja.

Mzee Tajudini akawakagua mmoja mmoja, kuanzia Ilyasi mpaka kofia ya majani.

"Na hawa nao wamekuja kuposa?"

"Mademoiselle," bibi wa kizungu akauliza kwa upole, "na kathedrali?"

"Tout droit, madame," Mzee Tajudini akamjibu kwa Kifaransa chake cha gereji. "Mbele, utaona minara. Padri atawapeleka, ndiyo kazi yake." Msafara ukaondoka kwa masikitiko. Akamgeukia binti yake. "Vifungo viko wapi?"

"Sijanunua."

"Nunua. Usinirudishie uongo nusu nyumbani."

Waridi akaingia dukani, akachukua vifungo bila kuviona. Alipotoka, wanaume wawili walikuwa wamesimama kama walivyokuwa. Ilyasi alikuwa ameinamisha kichwa kama zamani alipokuwa amevunja spana.

"Shikamoo, Mzee," Ilyasi alisema, na ilisikika kwamba si mara ya kwanza.

Mzee hakuitika. Alitazama juu, kwenye jua. "Meli yako inaondoka lini?"

"Karibu hivi."

"Basi twende. Mi natangulia." Akapanga vizuri mfuko wa bering begani. "Shingo yangu ni mbovu, mnajua. Haigeuki."

Akaanza kutembea kurudi bandarini. Waridi na Ilyasi walitazamana, wakamtazama. Hakuna aliyewaambia watembee vipi. Hatua ya kwanza waliachana, ya pili wakasogeleana, na mbele kidogo, kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakawa wanatembea ubavu kwa ubavu katikati ya mji wa Bujumbura, na mbele yao mgongo wa baba. Mikono yao haikushikana. Ilikuwa inapishana, nguo kwa nguo, na kila ilipogusana Waridi alisahau mguu upi unafuata.

"Uliondoka bila kuaga," mgongo ulisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mi nilikufundisha kubadilisha gasket ukiwa huwezi kushika nyundo. Nilikuweka kama mutoto. Asubuhi natoka, nakuta ovaroli yako kwenye msumari, we hauko."

"Niliogopa, Mzee. Kama ningekuaga, ungeniambia baki, na mi ningebaki."

Mgongo ukatembea muda mrefu. Walipita Musée Vivant, ua ule umeliwa nusu.

"Huko Kigoma," mzee aliuliza, "jioni mnafunga mlango saa ngapi?"

Ilyasi hakuelewa. Akamtazama Waridi, naye hakuelewa. "Hatufungi, Mzee. Kuna joto. Watu wanalala wazi, pazia tu, upepo wa ziwa uingie."

"Wazi?"

"Wazi."

"Mpaka asubuhi?"

"Mpaka asubuhi. Mbuzi ndiyo wanaingia, wakati mwingine."

Mzee Tajudini akasimama. Hakugeuka, lakini Waridi aliona mkono wake unapanda usoni, unabaki pale. Malori yakapita. Mbele yao ziwa lilikuwa limetulia, na meli inatoa moshi.

"Mutoto wangu," alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya gereji, "alale mulango wazi."

Waridi akamfikia, akashika mkono wake wenye grisi. "Na we, Baba? Nani ataitika?"

"Nitaita. Ziwa linapeleka sauti." Akajikohoza. "Na hilo komeo si injini ya meli, mama. Mutu mumoja anaweza kulifunga."

Honi ya meli ikalia mpaka ndege wakaruka. Ilyasi alibaki amesimama pale pale, hajui aende ama akae, mpaka mzee akageuza ile shingo mbovu, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mi sijakubali kitu. Kuposa ni mlangoni, si njiani. Safari ijayo ya meli, nione mshenga nyumbani kwangu. Na awe mutu mwenye tumbo gumu, kwa sababu Waridi hatagusa jiko. Chai nitapika mwenyewe."

Ilyasi alikimbia kuelekea geti, akasimama, akageuka nyuma, wazi wazi, mbele ya bandari nzima, akamtazama Waridi mpaka sentinela akampigia kelele. Naye Waridi, mfuko wa vifungo kifuani, hakugeuza shingo wala macho.

Meli ikarudi. Mshenga akaenda, mwanaume mmoja wa kupendeza, mwenye heshima zake, msemaji. Mzee Tajudini akaleta chai kwa mikono yake. Mshenga akanywa kikombe, akakisifu, akaongezewa, akanywa na kusifu cha pili, cha tatu, uso umetulia kama wa mtoto aliyelala, na kabla ya magharibi posa ikawa imekubaliwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna aliyezaliwa wa kunipinga.

Nilikuwa nimefika hapo, barazani, majirani wote wametulia, niliposikia sauti nyuma ya pazia.

"Mzee Massoudi."

Waridi mwenyewe. Yuko mtaani kwetu wiki ya pili hii, amekuja kumtazama baba yake, na hakuna aliyeniambia kama anasikiliza. Kichwa kina mvi siku hizi, macho yale yale.

"Ni kiboko, sivyo?" nikasema haraka. "Haya, tuseme kiboko alikuwa mdogo."

"Kiboko ni kweli. Alikula ua wa Mama Dative, mpaka leo analalamika."

"Basi wale kumi na wanne..."

"Walikuwa zaidi." Akakaa mkekani, akakunja miguu taratibu, kama mtu mwenye muda. "Ile chai Baba aliweka chumvi akidhani ni sukari. Na mshenga ulikuwa we. Na mi nilikuwa kwa dirisha la nyuma, nikakuona unamwaga kikombe cha kwanza nje, cha pili nje, cha tatu ukamlowesha jogoo. Hukunywa hata tone."

Barazani palilipuka. Jirani yangu Assia alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Tajudini alijua?" niliuliza.

"Alijua kabla hujaaga. Alikuja jikoni, akaonja iliyobaki, akatema. Akaniambia, 'Huyu mutu amesifia hii chai mara tatu. Kama anaweza kudanganya hivyo kwa ajili ya Ilyasi, basi huyo kijana anapendwa na watu.' Ndiyo akakubali." Akanyoosha mkono, kama siku ile ya majengo, kuelekea kwa muuza samaki wa kona. "Kichwa usikitoe. Na ndizi ziwe nyingi, Ilyasi yuko njiani, na Baba naye ameamka."

Nikavaa viatu, nikaenda kuagiza mukeke. Nyuma yangu, ndani ya nyumba ya Tajudini, sauti ya mzee sana ilikuwa inaita, "Waridi!" naye, hatua chache kutoka kwake, akaitika kwa nguvu kama mtu aliyeko ng'ambo ya ziwa.